Kikapu kinapika maharage vizuri tu, ila Bibi ameacha kusuka ukili

Mama Kawa

Assalaam alaykum na habari za wikiendi, wanajukwaa. Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye sufuria jikoni akaichungulie kwanza ndipo arudi.

Tunaishi Tanga mjini: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi kwa kufuata watoto. Maharage kwetu ni siku tatu kwa wiki bila kukosa. Gesi tunayo, ule mtungi mdogo wa kilo 6, lakini hiyo ni ya chai, mayai na kupasha viporo. Ukiipa maharage haifiki mwisho wa mwezi. Maharage ni ya mkaa, uani, chini ya mwarobaini. Ndivyo nilivyoikuta nyumba.

Na maharage ya Bibi yana utaratibu wake. Akishainjika anavuta kigoda, anatoa ukindu alioulowesha (majani ya mkindu), anaanza kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Anapepea mkaa, anaongeza maji, anasuka. Nilipoolewa nilidhani anapika huku akijitafutia shughuli ya mikono. Baadaye ndipo nikaona kwamba kwake kazi hizo mbili hazina mpaka: ukimuuliza ukili umefika wapi, atakwambia "sufuria nne". Sufuria moja ya maharage kwake ni pima moja na kitu, pima ikiwa ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mkeka wanaoulalia wageni aliuhesabu kwa maharage tuliyokwisha kula zamani.

Sasa mwaka huu mkaa umekuwa kama unaliwa na panya. Nikakumbuka kitu alichotuonyesha mwalimu wetu wa Sayansi Kimu shule ya msingi: kikapu kilichojazwa nyasi na matambara, unachemsha chakula kidogo motoni, unakitia kikapuni na sufuria yake, unafunika, chakula kinajiivia chenyewe kwa joto lake. Nikasema nijaribu. Niliomba ukili wa Bibi uliokuwa umekaa juu ya kabati, pima kumi, nikashona kikapu kipana kama beseni kubwa na kifuniko chake. Ndani nikaweka mto wa kuzunguka pande zote, unene wa kama sentimita 10, na mwingine chini, na mwingine wa kufunikia. Sufi niliitoa kwenye godoro kuukuu la Bibi. (Ruhusa niliomba. Sijui kama aliisikia vizuri, maana alikuwa anasikiliza taarabu.)

Siku ya kwanza niliaibika. Maharage robo kilo kwenye sufuria ya lita tano, nikayachemsha dakika tano, nikayatia kikapuni asubuhi, nikaenda zangu kwenye arusi. Kurudi jioni yana uvuguvugu, magumu, na harufu imeanza kugeuka. Tulimwaga. Bibi hakusema neno, aliangalia tu ile sufuria, halafu akaliangalia godoro lake.

Nilipojifunza makosa yangu mambo yakakaa sawa. Sasa nalowesha usiku, asubuhi namwaga yale maji, naweka mapya, nayachemsha kwa moto mkali dakika 20 sufuria ikiwa imejaa hadi karibu na mdomo, nahamishia kikapuni haraka bila kufunua. Baada ya saa nne au tano ni laini. Narudisha motoni yachemke tena vizuri, naunga kitunguu na nyanya, namalizia na tui zito. Mkaa ninaotumia ni kopo moja pale nilipokuwa natumia manne.

Tatizo ni hili. Tangu kikapu kianze kazi, Bibi hakai tena uani. Anabaki chumbani na redio. Ukindu umekauka kwenye beseni, ukili umeishia pima ya tatu, wiki ya tano hii. Nikimwita ananiambia, "Nije kufanya nini na maharage yako yanajipika?" Hajakasirika, na chakula anakula na anakisifia. Lakini nyumba imepungua kitu. Mume wangu anasema nalikuza bure jambo la mama yake. Nyinyi mnaonaje?

Fundi Mkorofi

Mleta mada, pole, lakini mnajitafutia mateso. Sufuria ya presha ipo madukani. Dakika 30 maharage yameiva, mama anasuka, wewe uko kwenye simu, watoto wanacheza. Vikapu na magodoro ni vya nini karne hii?

Mama Kawa

Fundi, ninayo. Mpira wa kwenye mfuniko ulichoka, inavuja mvuke kama treni, na mpira wa saizi yake nimeutafuta maduka yote ya Ngamiani bila mafanikio. Sasa hivi natunzia unga humo.

BintiMrima

Nimekaa pale nasubiri picha ya hicho kikapu. Dada, tupia.

Halafu swali la kijinga: wali unaiva humo?

Mama Kawa

Picha naweka jioni, simu iko chaji. Wali unaiva na ndiyo mwepesi kuliko vyote. Punguza maji kidogo kuliko kawaida kwa sababu humo hakuna yanayopotea kwa mvuke. Yakishachemka na mchele ukanywa kwa dakika tano hivi, tia kikapuni, baada ya saa moja fungua. Ukoko hakuna! Mume wangu, ambaye ukoko ndiyo riziki yake, amenuna wiki nzima.

Dodoma Vumbi

Mimi naomba kuongea kuhusu maharage yenyewe maana hapa kwetu yalinitesa miaka miwili. Nilihamia Dodoma kikazi, maharage yaleyale niliyokuwa napika Morogoro yakawa hayaivi. Saa nne motoni, ganda gumu. Nikamlaumu muuzaji. Kumbe ni maji. Tunatumia ya kisima, yana chokaa nyingi, ukichemsha chai birika linaota ukoga mweupe. Maji ya namna hiyo hukaza ganda la maharage. Nilipoanza kukinga ya mvua kwa ajili ya kuloweshea na kupikia, mambo yakaisha.

Jambo la pili ni umri wa maharage. Yaliyokaa ghalani tangu msimu wa juzi hata uyapikie kwenye volkano. Kabla sijanunua namuuliza mama wa sokoni yameingia lini, na naangalia kama yamefifia rangi. Haya ya njano kwangu yanaiva upesi kuliko mekundu makubwa.

La tatu, nyanya na ukwaju na ndimu viingie maharage yakishalainika. Uchachu ukitangulia, yanabaki magumu. Wengi wanailaumu chumvi, chumvi wanaionea.

Kigoda cha Shangazi

Na magadi mbona hamyataji? Kipande kama punje ya hindi tu yanalainika.

Dodoma Vumbi

Shangazi, yanalainika kweli, sibishi. Ila magadi yanaua vitamini B1 iliyomo, na ukizidisha kidogo ladha inakuwa ya sabuni. Nimeyaacha.

Mlalo Juu

Naandika kutoka Lushoto. Hapo Mama Kawa ameandika dakika 20 za moto mkali, watu wa milimani msinakili bila kufikiri. Huku tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100 kama ya kwenu Tanga. Sufuria inaingia kikapuni ikiwa tayari na joto pungufu, na baridi ya huku mnaijua. Mimi nachemsha dakika 40 na kikapu nakifunga blanketi juu.

Na kwa maharage mekundu tafadhali dakika za mwanzo zisipunguzwe. Mabichi yana sumu inayotapisha watu na kuharisha, huondoka kwa kuchemka hasa kwa dakika zisizopungua kumi. Moto wa vuguvugu hauiondoi, unaweza hata kuizidisha. Kwa hiyo ile siku ya kwanza yako ya dakika tano, mshukuru Mungu harufu iliwahi kuwaonya.

Mama Kawa

Subhanallah. Hilo sikulijua kabisa. Nilidhani ni kuchacha tu.

Mlalo Juu

Kuchacha nako ni shida yake. Chakula kilichobaki vuguvugu mchana kutwa ndicho wadudu wanachokipenda. Robo kilo kwenye sufuria ya lita tano joto lake ni dogo, likapotea mapema. Sufuria ijae. Na kile ulichosema cha kurudisha motoni yachemke kabla ya kuunga, kifanye kila siku hata kama yanaonekana yameiva.

Kisauni

Mie wa Mombasa nasoma uzi huu na mbaazi zangu ziko motoni tangu alfajiri, mahamri yanangoja. Hiki kikapu chafaa mbaazi? Zile kavu.

Mama Kawa

Zinafaa sana, kaka. Zilale majini usiku kucha. Ila tui usilitie kikapuni, hilo nimelijaribu na nimejuta. Tui likikaa saa nyingi kwenye joto bila kuchemka linakatika na kuchacha. Chemsha mbaazi kwa maji, tia kikapuni, zikiiva rudisha motoni ndipo umimine tui jepesi, na lile zito mwisho kabisa huku unakoroga.

Kisauni

Shukran. Kesho nalala hadi saa mbili.

Mpemba wa Ukindu

Dada Mama Kawa, nimeiona picha. Maashallah umejitahidi, lakini nitasema ukweli kwa kuwa mimi nimekulia chini ya mkeka. Ukili wenyewe ni mzuri mno, huo ni mkono wa mtu mzima. Ushoni wako ndio umepinda. Umevuta uzi upande mmoja, ndiyo maana kikapu kimelalia kushoto kama dau lisilo na mzigo. Na kile kifuniko ni ukili mwingine, umesuka wewe, sivyo? Una matundu, joto linapita hapo.

Halafu kwa kikapu cha kubeba uzito wa sufuria, huku kwetu tungetumia miyaa, yaani majani ya mkoche. Ukindu ni laini, ni wa mikeka ya kulalia, misala na kawa za kufunikia chakula. Miyaa ni migumu, ndiyo ya majamvi na vikapu. Siyo kosa, kitakaa, ila usikinyanyue sufuria ikiwa ndani.

Mama Kawa

Hahaha, kifuniko nimesuka mimi, nimekamatwa. Bibi alinianzisha mwaka juzi na ukili wa kindu saba, nikakimbilia wa kumi na moja kabla ya wakati wangu.

Mzee Katani

Vipini vishonee kamba ya mkonge, binti yangu, usiweke plastiki. Upo Tanga, mkonge tumekuwa nao tangu Mjerumani Hindorf alipouleta 1893, itakuwa aibu ukanunue kamba ya nailoni.

Na kuhusu sufi, umechagua vema. Ina nta ya asili, haipendi maji, zamani hata majaketi ya kuokolea mabaharia yalijazwa hiyo. Lakini inashika moto upesi kuliko karatasi. Sufuria ikitoka kwenye mkaa, iangalie chini, kaa la moto likiwa limeng'ang'ania kitako utaunguza nyumba. Ipitishe kwanza juu ya mchanga au tambara bichi. Kila wiki toa mito uianike juani, isije ikaota ukungu.

Sasa nije kwenye lile ulilouliza, maana naona watu wote wamejibu maharage. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Uani kwetu akiinjika sufuria, wanawake wa nyumba tatu wanakuja na kili zao. Hapo ndipo posa zilipojadiliwa, wagonjwa wakajulikana, watoto watukutu wakashtakiwa. Hakuna aliyeweza kuamka tu akasema "nakwenda kukaa uani nizungumze." Mtu mzima anaonekana mvivu. Lazima kuwe na sufuria motoni ndipo kikao kiwe halali. Binti yangu, kikapu chako kimemnyang'anya mama yako kikao, na yeye hawezi kukudai, kwa sababu atasemaje? Akwambie rudisha moshi?

Mama Kawa

Shikamoo mzee. Nimesoma hii mara tatu. Kumbe ndiyo maana Mama Saidi wa nyumba ya pili naye haji siku hizi. Nilidhani tumemkosea kitu.

Fundi Mkorofi

Mzee kaniweza. Marahaba yake naipokea kwa niaba yenu. Lakini jamani suluhisho si kurudi kwenye mkaa! Serikali yenyewe ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, inataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mtaenda na kigoda?

Kigoda cha Shangazi

Kaka, hiyo 2034 tutaifikia tukiwa tumekaa wapi? Ndicho anachouliza mwenzio.

BintiMrima

Mume wako yuko wapi kwenye hii habari, dada? Naona sufuria, bibi, mkaa, kikapu. Mwanaume ametajwa kwenye ukoko tu.

Mama Kawa

Anafua, Alhamdulillahi. Jumamosi nguo zote nzito ni zake, mashuka na suruali za shule, mimi nasuuza. Bibi mwanzoni alikuwa anaingia ndani asione mwanawe akikamua shuka. Siku hizi anatoka kumwambia kola hazijatakata.

Masizi ndiyo ugomvi wetu. Sufuria ya mkaa ikiingia kikapuni inachafua foronya za mito, na kuzifua ni zamu yake.

Dodoma Vumbi

Paka sufuria sabuni ya kipande iliyoloweshwa, nje tu, kabla hujainjika. Masizi yatatoka na tambara. Majivu mabichi nayo yanafaa. Au izungushie kanga kuukuu kabla ya kuitia kikapuni.

Na wasio na sufi msikate tamaa. Mimi nimejaza pumba za mpunga kwenye mifuko ya kitambaa, na mkoba mmoja wa vipande kutoka kwa fundi cherehani. Kikapu changu ni tenga la nyanya. Hakipendezi hata kidogo, ila kinapika.

Kigoda cha Shangazi

Mama Kawa, mimi ningefanya hivi. Siku moja kwa wiki maharage yapikwe uani kwa mkaa, kama zamani, bila maelezo. Usimwambie Bibi ni kwa ajili yake.

Mpemba wa Ukindu

Au mpeleke kile kikapu kilichopinda, umuulize kwa nini kimepinda.

Mama Kawa

Jamani, narudi na majibu, wiki mbili zimepita.

Nilianza na la Shangazi. Jumanne niliinjika uani. Bibi akatoka, akaangalia, akauliza kikapu kimeharibika? Nikasema hapana. Akasema basi unachoma mkaa wa nini, akarudi ndani. Sikuwa na la kujibu.

Alhamisi nikafuata la Mpemba. Nikamwekea kikapu mlangoni, nikamwambia Bibi, watu wananicheka, wanasema kimelalia kushoto kama dau. Alikigeuza, akaingiza kidole kwenye tundu la kifuniko, kidole kikatokea upande wa pili. Akauliza, "Hii sufi ni ya godoro langu?" Nikasema ndiyo. "Na umeifunika na wavu?" Akaagiza beseni.

Tangu siku ile yuko uani asubuhi hadi adhuhuri. Kifuniko cha zamani amekifumua chote. Anasuka kipya cha kindu kumi na tatu, kimebana hata maji hayapiti, na amesema kikapu chenyewe atakirudia kwa miyaa, ukindu wangu tumpe Mama Saidi atengenezee msala. Mama Saidi amerudi na anataka kikapu chake. Jirani mwingine naye ameleta sufuria yake ipimwe upana. Maharage yamo ndani ya kikapu kibovu pembeni yao, hakuna anayeyaangalia.

Jana mwanangu mdogo wa darasa la pili alimuuliza, "Bibi, umefika sufuria ngapi?" Akafikiri kidogo, akasema, "Sasa hivi sijui, mjukuu wangu. Pima kwa mikono yako."

Swali langu la mwisho kwa Mpemba: anataka mstari wa zambarau kwenye kifuniko. Rangi ya unga nimeipata Mgandini. Nafanyaje isitoke?

Mpemba wa Ukindu

Tafuta sufuria kuukuu ambayo hutaipikia tena maisha. Maji yachemke, mimina rangi, koroga, ndipo utie ukindu uliofungwa vitita vidogo. Uache uchemke huku unaugeuza mpaka rangi iingie hadi katikati, ukikunja uone. Suuza mara moja, anika kivulini. Juani zambarau inapauka.

Na ukindu wa rangi mwache Bibi auchane mwenyewe. Wewe bado.